Kabla ya Kununua Mashine ya Kufyekea, Fikiria Macho

Siku hizi mtu akienda mjini anaweza kuiona dukani mashine ya kufyekea majani. Ni bomba refu. Upande mmoja lina injini ndogo ya petroli. Upande wa pili lina kisu, au uzi wa nailoni, unaozunguka kwa kasi sana. Mfanyakazi huitundika begani kwa mkanda, kisha huipeleka kushoto na kulia huku akienda mbele polepole. Majani ambayo mtu mwenye fyekeo huyahangaikia kutwa nzima, mashine hii huyamaliza kwa muda mfupi. Hilo ni kweli, wala sina haja ya kulipinga. Mgongo wa mkulima wa Igunga umeinama vya kutosha.

Ninalopinga ni jinsi tunavyoichagua. Mtu anaingia dukani anauliza bei. Kisha anauliza, "Ina nguvu?" Muuzaji anamwambia ina nguvu. Mashine inafungwa kwenye bodaboda, safari ya kijijini inaanza. Hakuna aliyeuliza juu ya macho ya kijana atakayeishika.

Maoni yangu ni haya. Bei ya mashine si ile iliyoandikwa kwenye boksi. Bei yake ni ya mashine pamoja na kinga ya macho, kinga ya masikio, mabuti na glovu. Ni bei moja, haigawanyiki. Mwenye fedha ya mashine tu hajapata bado fedha ya kununua mashine. Aendelee na fyekeo mpaka pamba au mpunga ulipe. Fyekeo halijawahi kurusha jiwe kwa kasi ya gari.

Na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Kisu cha mashine hii huweza kuzunguka mara 6,000 kwa dakika moja. Hiyo ni mara 100 kwa kila sekunde. Chukua kisu chenye upana wa sentimita 25. Ncha yake hukimbia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Basi linalopita barabara kuu ya Singida kwenda Nzega linaruhusiwa kilomita 80 tu kwa saa. Sasa fikiria kokoto, kipande cha chupa au msumari uliofichwa na majani. Ncha hiyo ikikipiga, hakikai pale. Kinaruka. Hakichagui pa kwenda. Kinaweza kumpiga mwenye mashine usoni, au mtoto aliyesimama pembeni akishangaa.

Ndiyo maana watengenezaji huandika kwamba watu wengine wakae mbali, angalau mita 15. Kwa miguu ya mtu mzima ni kama hatua 20. Pima hatua hizo kabla ya kuwasha. Vijijini kwetu mashine mpya hukusanya watoto kama ngoma. Kwa hiyo lazima awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwazuia watoto, na pia akina mama wanaopita na watoto mgongoni. Mtu huyo akihesabiwa kama kibarua alipwe. Naye asimsogelee mfyekaji kutoka nyuma na kumgusa bega. Mfyekaji akishtuka hugeuka, na kisu hugeuka naye. Amzungukie kwa mbali, asimame mbele yake, ampungie mkono.

Nchini kwetu macho yana adui mwingine ambaye vitabu vya mashine havimtaji. Boma nyingi za Unyamwezi na Usukuma zimezungushiwa ua wa minyaa, ambayo wengine huita manyara. Kila mtu anajua kwamba ukivunja tawi la mnyaa hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo ukiingia jichoni huunguza, na unaweza kumpofusha mtu kwa muda au kumwachia kovu. Mtu anayekata mnyaa kwa panga huona utomvu ukidondoka, akajitenga. Mashine huurusha hewani kama mvua. Basi majani yaliyo chini ya ua wa minyaa yaachiwe fyekeo na jembe. Usipeleke mashine pale.

Mtu akiingiwa na utomvu au petroli jichoni, asisugue. Mlaze, mfungue kope, mmiminie maji safi mengi bila kukoma kwa dakika 15 mpaka 20. Hesabu dakika hizo kwa saa, usikisie. Kisha aende zahanati. Lakini kama kitu kimechoma jicho na kimenasa ndani yake, mambo ni tofauti. Usikichomoe. Usimwagie maji. Funika jicho kwa kitu kisicholigandamiza, kama kikombe kidogo safi, na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Igunga kuna hospitali ya wilaya, na kuna hospitali ya Nkinga. Usingoje kupambazuke.

Kuna na mkwaruzo mdogo. Jani limepita jichoni, linawasha kidogo, mtu anaendelea na kazi. Huu nao ni hatari, kwa kuwa majani hubeba vijidudu vya ukungu. Baada ya siku chache jicho huwa jekundu, huuma, haliwezi kutazama mwanga, na doa jeupe huonekana kwenye kioo cha jicho. Hapo wengi hukimbilia dawa za majani, au maziwa, au hata mkojo. Mwaka 1994 madaktari walichapa habari za wagonjwa wa vidonda vya kioo cha jicho waliotibiwa Mvumi, mkoani Dodoma. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alikuwa ametumia dawa za kienyeji jichoni. Siwadharau waganga wetu. Wapo wanaojua mengi. Lakini ndani ya jicho lenye kidonda usiweke kitu chochote ambacho mganga wa hospitali hakukupa.

Sasa tuone kinga yenyewe. Kuna miwani ya kinga ya plastiki inayozunguka macho yote mawili. Kuna pia kioo cha uso, na kuna wavu wa chuma unaofunika uso kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni. Watu husema, "Miwani hupata ukungu, jua letu ni kali, jasho linajaa." Ni kweli. Ndiyo sababu napenda wavu wa chuma, kwa sababu upepo hupita. Lakini vumbi na utomvu hupita pia. Kwa hiyo vaa miwani ndani na wavu juu yake. Kama joto ni tatizo, dawa yake ni saa ya kufanya kazi. Anza saa 12 na nusu asubuhi, acha kabla ya saa 4. Mtu anayefyeka kwa mashine saa 7 mchana katika mbuga ya Wembere ameshaanza kujiumiza hata kabla ya kisu kugusa jiwe. Miwani ya jua ya kujipamba haisaidii. Kioo chake chaweza kuvunjika na kuingia jichoni.

Masikio yanasahaulika zaidi kuliko macho, kwa sababu sikio haliumi linapokufa. Kelele hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Wataalamu wa afya ya kazi wanasema kelele ya desibeli 85 mtu anaweza kuivumilia saa 8 kwa siku. Kelele ikifika desibeli 100, wataalamu wa Marekani hushauri isizidi dakika 15 kwa siku bila kinga. Mashine nyingi za kufyekea hufika desibeli 100 au karibu na hapo. Kijana wa miaka 20 akifyeka misimu mitano bila vizibo, baadaye ataongeza redio, atawaambia watu wanong'one kwa sauti, na watoto wake watafikiri baba ni mkali. Nunua vizibo vya masikio vya kiwandani, au vile vinavyofunika sikio zima. Kujaza pamba masikioni hakutoshi. Pamba ya Igunga ni nzuri kwa nguo, haizuii kelele ya injini.

Miguuni vaa mabuti magumu yanayopanda juu ya kifundo. Usivae ndala wala makubadhi ya matairi. Buti linakinga mguu na kisu, na linakinga mguu na nyoka. Wengine wanaamini kelele za mashine hufukuza nyoka wote. Usiamini. Kifutu ana tabia ya kutulia palepale alipo akitegemea kutoonekana. Akimwuma mtu, asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, asipakwe jiwe jeusi. Atulizwe, mguu usitembezwe, apelekwe hospitali haraka. Suruali iwe ndefu na nzito. Kanga, shati linaloning'inia na kamba za kofia zisikaribie kabisa kitu kinachozunguka.

Baada ya hayo ndipo tuzungumze juu ya mashine ipi.

Kwanza uliza kazi ni ipi. Kwa ua wa nyumba ya kawaida, mimi naona mashine haihitajiki. Fyekeo lililonolewa vizuri linatosha. Mashine inafaa kwa uwanja wa shule, eneo la zahanati, kando za barabara ya kijiji, kingo ndefu za majaruba ya mpunga, au shamba la ekari kadhaa lililoota vichaka. Kuna wanaoifunga kisahani cha meno na chano la kulazia mashina, wakavunia mpunga. Kazi hiyo inawezekana, ila inataka mtu aliyefundishwa na jaruba lililokauka. Mtu anayeteleza kwenye tope huku kisu kinazunguka hana pa kushika.

Wengine wananunua kwa sababu ya malaria. Hapa lazima tuseme ukweli. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni mbili, na watu wengi walifyeka majani kuzunguka nyumba zao. Ilikuwa kazi njema. Nyumba zilipendeza, panya na nyoka wakakosa maficho. Lakini mbu wa malaria hazaliwi kwenye majani. Hutaga mayai kwenye maji yaliyosimama: kwenye madimbwi, kwenye nyayo za ng'ombe, kwenye majaruba yetu wenyewe. Mtu akifyeka kijiji kizima kikawa cheupe kama uwanja wa mpira, na watoto wakalala bila chandarua, malaria itabaki. Fedha ya mashine hununua vyandarua vingi. Anayechagua mashine achague kwa sababu ya kazi ya ardhi, asiseme ni dawa ya malaria.

Tena si kila jani ni adui. Wazee wanakumbuka habari za Shinyanga. Katika miaka ya 1920 na baadaye, mapori yalifyekwa huko kwa mashoka na mapanga ili kuwaondoa mbung'o, ambao huwaletea watu malale na ng'ombe nagana. Miti iliendelea kukatwa kwa mashamba na kuni, mifugo ikaongezeka, na ardhi ikabaki uchi. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na watu wakarudi kutenga ngitili zao. Kwa mikono kazi ile ya kufyeka ilichukua miaka. Kwa mashine kosa kama hilo linaweza kufanyika katika wiki moja. Mashine isiingie ngitili, wala isinyoe kingo za mto.

Ukishajua kazi, chagua kichwa cha kukatia. Uzi wa nailoni unafaa kwa majani laini, karibu na kuta na mashina ya miti. Kisu cha chuma cha meno matatu au manne kinafaa kwa majani magumu na vichaka vidogo. Kisahani cha msumeno kinafaa kwa vijiti vigumu, lakini ni cha mtu mwenye uzoefu. Kisu kikigonga shina gumu la mgunga, mashine huruka ghafla pembeni na kumvuta mtu. Kishina kinene kama mkono kiachiwe shoka au panga.

Nimeambiwa juu ya watu ambao uzi wa nailoni ukiisha huweka waya wa chuma, au waya wa breki ya baiskeli. Jambo hili likomeshwe. Waya hukatika vipande, na kila kipande huruka kama risasi. Hali kadhalika kichwa chenye minyororo au vyuma vilivyounganishwa kwa pingu. Uingereza mtu alipoteza maisha kwa pingu moja ya mnyororo iliyokatika, na mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku uuzaji wa vichwa vya namna hiyo kwa mashine za mkononi. Ukikiona kichwa hicho dukani, hata kikiwa rahisi, kiache hapo hapo.

Juu ya injini sitasema mengi, maana mafundi wapo. Ukubwa wa injini huandikwa kwa herufi cc. Injini ya cc 25 mpaka 30 inatosha kwa majani. Vichaka vigumu vinataka cc 40 mpaka 50. Wengi wetu tunapenda kubwa, kwa kudhani kubwa ni bora. Lakini injini kubwa ni nzito. Nyingine, pamoja na mafuta na kisu, hukaribia kilo 10. Wapagazi wa Unyamwezi waliobeba pembe za ndovu na nguo kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo walibeba mizigo ya kilo zipatazo 30, lakini mzigo wao ulitulia begani. Huu wa mashine unatikisika, tena unauzungusha wewe mwenyewe mara elfu kwa asubuhi moja. Kwa hiyo mkanda una maana kuliko cc. Chagua mashine yenye mkanda wa mabega mawili na mto laini kwenye nyonga, na mishikio miwili kama usukani wa baiskeli. Ivae dukani. Ikining'inia vizuri, kisu kitakaa karibu na ardhi bila wewe kuinama. Kama lazima uinamishe mgongo, mashine hiyo si ya mwili wako. Mwache mwenye urefu wake aichukue.

Mtikisiko wenyewe nao ni ugonjwa. Mtu akishika mashine saa nyingi kila siku, kwa miezi na miaka, mishipa ya vidole huharibika. Vidole hufa ganzi, huwa vyeupe asubuhi ya baridi, na mwishowe hawezi kufunga kifungo cha shati. Dawa yake ni kupokezana. Mtu ashike dakika 20 au 30, ampe mwenzake, apumzike. Hivyo mashine moja inataka watu wawili wanaoijua, wote wenye vifaa.

Muuzaji akikuharakisha, mwambie asubiri. Mwombe awashe mashine mbele yako, nje ya duka. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Ndani ya chumba huua, kwa hiyo usiijaribu mashine ndani, hata nyumbani. Ikiwa imewaka, toa kidole kwenye mafuta. Kisu lazima kisimame huku injini ikinguruma taratibu. Kikiendelea kuzunguka, usiinunue. Jaribu swichi ya kuzimia. Kidole gumba kiifikie bila kuachia mshikio. Tazama ngao ya plastiki iliyo juu ya kisu. Ngao hiyo ndiyo inayozuia mawe yasikupige miguuni na usoni. Kuna watu huiondoa ili wakate upana mkubwa zaidi. Mtu wa namna hiyo asipewe mashine ya kijiji. Mwisho uliza spea: uzi, kisu, plagi, kamba ya kuwashia. Kama zinapatikana Dar es Salaam tu, mashine itakufa kabla ya msimu wa pili, au fundi ataifunga kwa waya na mpira, na hapo tunarudi kwenye hatari.

Injini za aina moja hutumia petroli iliyochanganywa na oili yake maalumu. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu. Kama kimeandikwa 50 kwa 1, petroli lita moja inataka oili mililita 20. Kama kimeandikwa 25 kwa 1, inataka mililita 40. Injini za aina ya pili zina oili mahali pake, kama pikipiki nyingi, na petroli haichanganywi. Aina hii ya pili moshi wake ni mdogo zaidi, lakini kwa kawaida ni nzito kidogo. Kitabu kisomwe na mshika mashine mwenyewe. Kama ni cha lugha ya kigeni, mwalimu wa shule au bwana shamba awasomee wote wawili, na vipimo viandikwe kwa Kiswahili juu ya dumu la mafuta. Hii ndiyo kazi ya kujua kusoma.

Sasa nije kwa jambo ambalo najua halitawapendeza baadhi ya wenye mashamba. Mara nyingi anayenunua mashine siye anayeishika. Anayeishika ni kibarua. Analipwa kwa ekari, kwa hiyo anakimbia. Akiambiwa juu ya miwani, anaambiwa ajinunulie. Haya si haki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake vifaa vya kinga. Jicho la kibarua ni mali yake ya pekee. Hana jingine la akiba nyumbani. Akilipoteza, hatafyeka, hatachunga, hatasoma gazeti hili vizuri. Atakayemlisha si mwenye mashine, ni mama yake au mkewe. Kamati ya shule, kikundi cha wakulima au kanisa linaloita watu kufyeka eneo lake liangaliwe kwa jicho hilo hilo. Nao wanaoitwa wana haki ya kukataa kuwasha mashine isiyo na ngao wala miwani. Mtu akikataa kwa sababu hiyo, asiitwe mvivu.

Kwa mawazo yangu, kijiji kinachotaka mashine kianze na moja ya kikundi. Watu wawili au watatu wafundishwe, wawe ndio washika mashine, na wengine wailipie kwa ekari. Vifaa vya kinga vifungwe pamoja na mashine kwenye sanduku moja, ili mtu asiweze kuchukua mashine na kuacha miwani. Kabla ya kila kazi wapite kwanza kwa miguu, waokote mawe, chupa, waya na mifupa. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayoachwa kwanza watu wakiwa na haraka. Wa kubadilisha kisu azime injini na kuchomoa kofia ya plagi kwanza, hata kama haraka ni kubwa namna gani.

Limebaki suala la petroli. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Petroli haihitaji kuguswa na moto. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kwa chini mpaka ukute jiko au sigara. Kwa hiyo tangi lijazwe nje, injini imezimwa na imepoa, mbali na meko. Mafuta yasivutwe kwa mdomo na mpira. Vijijini petroli huuzwa kwenye chupa za maji na soda, na mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Akiinywa, asitapishwe, kwa sababu ikirudi huingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe ili mganga aione.

Nunua dumu la mafuta lenye kifuniko cha kukaza, liandikwe PETROLI kwa herufi kubwa, liwekwe kwenye banda lenye hewa, si chumba cha kulala wala jikoni. Mlango wa banda ufungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae kwa mshika mashine.